Reli Juu ya Mlango

Katika ukoo wa Mzee Abrahamu, mtu aliyefia mbali hakuhesabiwa kuwa amekufa mpaka mahali alipofia paonyeshwe. Aliyeleta habari ndiye aliyetakiwa kupaonyesha. Alipewa kibuyu cha majivu, akachora uani njia, mto, nyumba na kila kilichokuwapo, kisha akajilaza pale marehemu alipolala, na mkubwa wa ukoo akasema, "Tumepaona." Hapo kilio kilifungwa, na hapo mjane alikabidhiwa kwa ndugu wa marehemu. Mzee Abrahamu alikuwa pia mzee wa kanisa, na kanisa lilikataza kurithi wajane. Kwa hiyo nyumbani kwake jambo hilo halikuitwa kurithi. Liliitwa utunzaji.

Benedicta alitakiwa kuanza kutunzwa Jumamosi.

Habari ya kifo ilikuwa imefika mwezi wa sita, mwaka wa hamsini na tano, wakati ambapo baridi ya milima ya Uporoto huwatoa watu machozi bila msiba. Saulo, rafiki wa Asukile tangu kuchunga ndama, alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Johanesibagi akiwa na sanduku la bati, koti refu la sufu, na neno moja: Asukile alikanyagwa na garimoshi mwezi wa kumi uliopita, akazikwa hukohuko.

Benedicta alimlilia mumewe kama ilivyompasa. Yeye alikuwa Mhehe wa Kalenga, karibu na Iringa. Asukile alimkuta huko alipokuwa akipakia tumbaku kwenye malori, akamwoa, akamleta huku juu ya Mbeya, akakaa naye mwaka mmoja, kisha akaenda Afrika Kusini. Miaka minne ilikuwa imepita, na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Mke wa msafiri, kwa desturi ya nyumba ile, aliweza kuruhusiwa kwenda kumsubiri mumewe kwa wazazi wake, na Benedicta alikuwa ameshaahidiwa kwamba baada ya kuchuma pareto ya mwaka huo angepanda lori kwenda Iringa kwa mama yake. Mjane hakuwa na ruhusa hiyo. Mjane alikuwa mali ya boma, kama kinu.

Wa kumtunza alikuwa Isakwisa, kaka mkubwa wa Asukile. Isakwisa alikuwa na wake wawili, na mmoja wao alipungukiwa meno mawili ya mbele. Hakuna aliyeuliza yalikokwenda.

Wazee walipomkabidhi Saulo kibuyu cha majivu, alikitazama kwa dharau.

"Baba zangu," alisema, "majivu yanaonyesha kijiji. Johanesibagi hayaiwezi. Kule kuna reli sita zinapitana kama vidole vya mtu anayesali. Mimi kabla ya kushuka shimoni nilifanya kazi nyumbani kwa msimamizi mmoja wa Kizungu. Bwana yule alikuwa na garimoshi dogo la mezani, na kila Jumapili tulikuwa tunalipikia milima."

"Mnalipikia milima," Isakwisa alirudia.

"Kwa karatasi na uji. Na miti, na mito, na nyumba. Vyote kwa takataka za jikoni."

"Kwa hiyo mtu mzima mwenye mvi anacheza na garimoshi la mtoto, na wewe ulivuka nchi tatu kwenda kumshikia uji. Ndiyo dhahabu uliyokuwa unaichimba?"

Watu walicheka, hata mmoja aliyekuwa bado na kamba ya matanga kiunoni. Saulo hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno mepesi, lakini mikono yake aliiheshimu kuliko jina lake.

"Nipeni ubao mpana na siku tano," alisema. "Mtaona kama mko kule."

Ubao mpana uliokuwapo ni mlango wa nyumba ya Benedicta. Isakwisa aliung'oa mwenyewe kwenye bawaba zake, akaulaza barazani juu ya vinu viwili.

"Nyumba isiyo na mume ina haja gani ya mlango?" aliuliza, na alipokuwa akisema hivyo alichungulia ndani, akakitazama kitanda kwa utulivu, kama mtu anayetazama shamba atakalolima.

Kwa kuwa marehemu alikuwa wake, Benedicta ndiye aliyetakiwa kumtafutia Saulo vifaa. Alileta mfuko wa saruji wa karatasi, pumba, mkaa, majivu, maganda ya mayai, dodoki mbili kavu, majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, buluu ya kufulia, na mabaki ya unga wa mahindi. Saulo alivipanga kwa safu, kila kitu mahali pake, naye Benedicta akapenda kuona hivyo, maana hata yeye hakuweza kufanya kazi penye fujo. Walichana mfuko wa saruji vipande vipande, wakaulowesha, wakaukanda katika uji mwepesi uliopoa. Walisokota majani makavu ya migomba kuwa mifupa ya vilima, wakayavika karatasi zilizolowa, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka waliliacha likauke juani kabla ya kuweka jingine.

"Ukiharakisha, mlima unapasuka," Saulo alifundisha. "Uji mzito unavutia mende. Uji mwepesi, mara nyingi. Hivyo."

Siku ya pili mfuko wa saruji uliisha.

"Bado ngozi ya juu, shemeji. Inataka karatasi laini. Huna?"

Karatasi laini zilizokuwamo nyumbani mle zilikuwa barua nne. Asukile alikuwa ameziandika mwaka wa kwanza, na baada yake hakuandika tena. Benedicta aliingia ndani, akatoka nazo, akazichana mwenyewe, kwa unyofu, kufuata mistari. Saulo alimwangalia, akachukua uji. Alasiri ile vilima vitatu vya taka za mgodi vilisimama juu ya mlango, vyeupe kwa majivu yaliyochekechwa, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba chini ya weupe ule paliandikwa salamu nyingi kama mchanga.

Siku ya tatu waliweka reli. Saulo alichonga fito za mianzi nyembamba kama sindano za kusukia vikapu, akazilaza juu ya njiti za viberiti, njiti moja kwa kila upana wa kidole. Kisha akamwaga mkaa uliopondwa katikati. Dodoki alizikata vipande, akavilowesha katika maji ya majani ya maboga yaliyotwangwa, navyo vilipokauka vikawa miti. Majani ya chai yakawa udongo, maganda ya mayai yaliyosagwa yakawa kokoto. Viberiti vitupu vilikuwa mabehewa, na kigurudumu cha mti kilichoishiwa uzi kikawa tumbo la injini. Watu wazima walipita barazani wakijifanya wanakwenda kisimani. Benedicta aligundua, kwa aibu, kwamba kwa saa nyingi hakuwa ameikumbuka Jumamosi.

Siku ya nne Saulo alijenga nyumba.

Hakuna aliyemwagiza. Palikuwa na pembe tupu ng'ambo ya reli ya mwisho, na Saulo hakuweza kuvumilia pembe tupu. Alikata kuta kwa boksi la sabuni, akaupaka mlango wake buluu. Alifunga uzi kati ya vijiti viwili, akamwomba Benedicta vipande vya kanga vya kuanika. Benedicta alikata gauni, shati, na, kwa kuwa Saulo alimwonyesha kipimo kwa ukucha, nguo nne ndogo sana, mbili mbili zinazofanana. Mwishowe Saulo alichukua kipande cha kopo, akakikandamiza kwenye meno ya chanuo mpaka kikawa na mikunjo kama bati la duka. Ulimi ulikuwa umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama mwanafunzi anayeandika herufi ngumu.

"Lenyewe linang'aa hivihivi," alisema. "Tuliliezeka Pasaka hii. Upepo wa siku ile, shemeji! Mimi chini narusha misumari, yeye juu anautukana upepo."

"Nani alikuwa juu?"

"Asukile huyohuyo. Yule haogopi kitu."

Chanuo lilisimama.

Benedicta alihesabu kama mtu anayehesabu mayai chini ya kuku: Pasaka ilikuwa mwezi wa nne. Kwa mdomo wake Saulo alikuwa amemuua Asukile mwezi wa kumi kabla yake.

"Nguo hizo ni za nani?" aliuliza.

"Shemeji."

"Nimezikata mwenyewe. Niambie nilikuwa nikimkatia nani."

Saulo alilitazama bati lake. "Mapacha," alisema hatimaye. "Wa kike. Mama yao ni Msotho."

Benedicta aliketi juu ya gunia la pumba. Saulo akaanza kusema haraka haraka, kwa sauti ya chini.

"Alinishika miguu, shemeji. Aliniambia, waambie nimekufa, ili yule mwanamke apate mtu. Asikae pale anazeeka kwa ajili yangu. Alikuonea huruma, naapa."

"Na koti hilo alikupa yeye?"

Saulo aliitazama mikono ya koti. "Njiani kuna baridi."

"Mrudishe hai, Saulo. Waambie wazee."

"Mimi? Nimekula mafahali wa kilio chao. Mzee amesimama kanisani akaombewa na watu wote. Leo niseme mwanawe yu hai, ana mke wa pili na watoto, halafu nipite wapi? Isakwisa atanivunja shingo kabla sijafika barabarani." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja jambo la hali ya hewa: "Sema wewe. Lakini utamwambia nani?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Katika watu wale mke wa mwana hakusema na baba mkwe, hakumtazama, hakulitaja jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke aliiacha njia, akachutama majanini akiwa amegeuza uso mpaka nyayo za mzee ziishe. Kwao Iringa wakwe waliheshimiwa pia, lakini si hivi. Kwa miaka mitano Benedicta alikuwa akimpikia Mzee Abrahamu, na hakuujua uso wake. Kila neno lake kwa mzee lilipita kinywani mwa mama mkwe, Yudith.

Alimkuta Yudith akichambua maharage, kichwa kimenyolewa, sauti imemkauka kwa kulia.

"Mama, Asukile ni mzima. Saulo amekiri kwangu."

Yudith aliendelea kuchambua. "Akaitwe Saulo aseme mbele yangu."

Saulo aliitwa. Alisimama mlangoni akizungusha kofia. "Shemeji ana majonzi, mama," alisema. "Hajalala vizuri siku nyingi."

Alipokwenda zake, Yudith alimpiga Benedicta kofi moja, si kwa nguvu, kwa mkono uliojaa vumbi la maharage.

"Humtaki Isakwisa," alisema. "Hata mimi ningekuwa wewe nisingemtaka. Lakini usimfufue mwanangu kwa ajili ya miguu yako inayowasha kwenda Iringa. Sina kinywa cha kupeleka maneno hayo."

Ijumaa alasiri Saulo alimaliza kazi, akaifunika reli kwa shuka, akaenda kunywa na wenzake. Benedicta alibaki barazani peke yake na bakuli la karatasi zilizobaki. Aliwaza kwa mpango, jambo baada ya jambo, kama alivyofundishwa kushona na masista: kwanza kipimo, kisha mkasi. Kusema alikatazwa. Kupika milima hakukatazwa.

Alifunga njiti tano za kiberiti kwa uzi, akazivika karatasi, akafinyanga mtu wa urefu wa kidole. Uso hakumpa, uso haukuhitajika. Alimpa nyundo ya kijiti, na nyundo ile aliiweka katika mkono wa kushoto. Asukile alikuwa mtu wa kushoto, wa pekee katika ukoo mzima. Kila mtu alijua kwamba mpaka umri wa miaka kumi baba yake alimfunga mkono ule mgongoni wakati wa kula, akamwacha ahangaike na wa kulia, na kwamba haikusaidia. Benedicta alilifunua shuka, akambandika yule mtu juu ya bati linalong'aa, akashikilia mpaka uji ukakamata, akalirudisha shuka.

Wakimwona watauliza ni nani, aliwaza. Saulo atababaika. Mzee atajua. Baba hawezi kukosa kuujua mkono aliouadhibu miaka kumi.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa bado haujapanda. Mlango ulihamishwa uani pamoja na vyote vilivyokuwa juu yake, ukawekwa juu ya vinu vilevile. Wazee saba waliketi upande mmoja, na Isakwisa akasimama nyuma yao akiwa amevaa shati jipya. Wanawake waliketi nyuma ya mkeka mrefu wa mianzi uliosimamishwa kwa ajili ya Benedicta. Katika mkeka ule palikuwa na upenyo wa upana wa vidole viwili. Kwa upenyo huo aliuona ubao, na juu ya ubao aliona mikono tu.

Saulo alilivuta shuka. Wazee waliguna kwa mshangao wa kweli.

"Milima hii myeupe," mmoja aliuliza, "ni unga?"

"Taka za mgodi, baba. Wanazitoa chini, wanazirundika."

"Na watu wanaishi katikati ya taka hizo?"

"Ndiyo maana wanarudi na rangi kama ya Saulo," Isakwisa alisema, na wazee wakacheka kifuani.

Saulo aliwapitisha mahali kwa mahali, kwa fimbo nyembamba. Hapa kambi. Hapa shimo. Hapa reli ya mizigo. Alisukuma viberiti vyake, navyo vikapita juu ya fito za mianzi vikikwaruza, na mzee mmoja akaurudisha mguu wake nyuma bila kutaka. Fimbo ilikuwa imekaribia pembe ya mwisho iliposita.

"Na huyu aliye juu ya nyumba?" mzee yuleyule aliuliza. "Naye ni nani?"

Saulo aliirudisha fimbo kwenye reli. "Fundi tu, baba. Mafundi ni wengi kule."

"Fundi wa kushoto," mzee yule alisema taratibu.

Nyuma ya mkeka Benedicta alisogeza jicho kwenye upenyo. Isakwisa alianza kusema kitu, akanyamazishwa kwa kiganja kilichoinuliwa. Kisha kiganja kilekile, cha kizee, chenye kovu la mundu kwenye kidole gumba, kilishuka mbele ya upenyo wa Benedicta. Mzee Abrahamu alimbandua yule mtu kwenye bati kwa uangalifu mkubwa, kama anayetoa mwiba. Alimweka katika kiganja. Alimgeuza. Kidole gumba kilipita juu ya mkono wa kushoto, kikarudi, kikapita tena, polepole. Amemjua, Benedicta aliwaza. Sasa atalitaja jina.

"Saulo," Mzee Abrahamu alisema. "Nyumba hii ilikuwapo siku mwanangu alipokufa?"

"Ilikuwapo, baba."

"Na fundi huyu alikuwapo?"

Saulo aliishusha fimbo.

"Nguo za watoto nazo zilikuwapo?"

Saulo hakujibu.

"Basi usijisumbue," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma matangazo kanisani. "Nimezaa watoto wa kiume wawili. Mmoja yuko hapa. Mwingine nimemwombea mbele ya watu wote, na waliniona nikilia. Mimi si mtu wa kulia mara mbili, mara ya pili kwa aibu."

Alimshika yule mtu mdogo kwa vidole, akauvunja mkono wa kushoto pamoja na nyundo yake. Karatasi ikiwa imekauka hutoa mlio mdogo, kama kuvunja kijiti cha kuchokolea meno. Lakini nyuma ya mkeka ulisikika vizuri. Kisha akamlaza chali juu ya fito mbili za mianzi, akamnyoosha miguu, akausukuma mkururo wa viberiti kwa mkono wake mwenyewe. Injini ilimgonga, ikampanda, ikasimama juu yake.

"Saulo hana haja ya kujilaza," alisema. "Marehemu amejilaza mwenyewe. Tumepaona."

"Tumepaona," wazee walijibu. Isakwisa alikuwa wa mwisho kujibu, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

Kilio cha kufunga kilianza. Wanawake nyuma ya mkeka walijitupa chini wakaomboleza, kwa kuwa ndivyo inavyopaswa, na wengine kwa kuwa walikuwa na wafu wao. Benedicta aliketi wima. Alifungua kinywa chake amwite baba mkwe, kwa jina, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya katika boma lile. Na kabla sauti haijatoka, kiganja chenye harufu ya maharage kikamziba.

Yudith alikuwa amepiga magoti mbele yake. Mkono mmoja ulikuwa kinywani mwa mkamwana wake. Mwingine ulishika kitambaa kipya cha kutolea ujane, chekundu, bado kina mikunjo ya dukani.

"Na mimi nilikuwa kwenye upenyo," alimnong'oneza. "Nimeuona mkono wake. Nikauona unavunjwa."

Benedicta aliuondoa mdomo wake kwenye kiganja kile. "Basi sema, mama. Wewe unaruhusiwa kusema naye."

Yudith alikikunjua kitambaa. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Mwana aliyekufa ni wangu," alisema. "Aliyenisahau ni wa nani? Inua mikono nikufunge."

Ng'ambo ya mkeka Isakwisa alikuwa akiuliza kama bado. Benedicta hakuinua mikono. Wanawake wawili walimwinulia. Yudith akakizungusha kitambaa kiunoni mwake mara mbili, akakaza, akarudi akakaza tena, akapiga fundo.

"Bado kidogo," alimjibu mwanawe. "Namalizia."